Fury: Vazi la mifupa lilivyomtoa baa, likamrudisha ulingoni

TYSON Fury alikuwa amemaliza kila kitu. Novemba 28, 2015, mjini Düsseldorf, Ujerumani, alimpiga kwa pointi Wladimir Klitschko, mbabe aliyekuwa hajapoteza pambano kwa miaka 11. Ubingwa wa dunia ukawa wake akiwa na miaka 27 tu. Ukishafika hapo, unataka nini tena?

Fury hakujua. Mwenyewe amesimulia bila kuficha: pombe, kokeini, na sonona iliyomfikisha mahali pa kutaka kujiua. Mikanda akaiachia mwaka 2016 bila kurusha ngumi hata moja. Mwili nao ukafumuka hadi zaidi ya kilo 170. Hata kwa jamaa mwenye urefu wa sentimita 206, huo ni mzigo.

Kilichomzindua wala hakikuwa mizani. Ilikuwa usiku wa Halloween 2017, ile sherehe ambayo watu huvaa mavazi ya kutisha. Fury aliingia baa amevaa vazi lenye mchoro wa mifupa ya binadamu. Kutazama huku na huku, waliomzunguka wote ni madogo, yeye anaigonga 30. Akajiuliza kama hayo ndiyo maisha aliyoyataka. Akaondoka mapema, akajifungia chumbani gizani, akapiga magoti na kuomba huku machozi yakimtoka. Jitu zima, likiwa limeivua ile nguo ya mifupa.

Akamtafuta kocha kijana, Ben Davison, wakaanza kazi. Wanga ukapunguzwa kwenye sahani, pombe ikakatwa. Kingine kilichomchoma ni Deontay Wilder, bingwa wa WBC wakati huo, aliyesema hadharani kwamba Fury hawezi kurudi. Kauli ile ikawa mafuta kwenye moto.

Juni 2018 akarejea ulingoni Manchester akiwa na kilo 125. Desemba 1 mwaka huohuo, Los Angeles, akamkabili Wilder mwenyewe na kilo 116. Raundi ya 12 alidondoshwa chali, wengi wakajua kwisha habari. Akanyanyuka, pambano likaisha sare.

Februari 22, 2020, Las Vegas, wakarudiana. Safari hii Fury alipanda na kilo 124, na uzito huo aliutaka mwenyewe ili amsukume mtu nyuma. Raundi ya saba, kona ya Wilder ikarusha taulo.