Usingizi ni Neema: Tuijue Dawa Kabla ya Kuinywa

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW), aliyeufanya usingizi kuwa mapumziko ya waja Wake. Neema hii huijua zaidi aliyeikosa.

Katika magulio ya Handeni na Korogwe, unga wa kuleta usingizi huuzwa katika vifuko visivyo na maandishi. Mzee wetu mmoja, aliyefiwa na mkewe, alikinunua kifuko chake mlangoni mwa msikiti, baada ya Swala ya Ijumaa, nasi wanakamati tukiona. Aliambiwa anywe kijiko kimoja kwa maziwa. Usingizi ulipokawia, akaongeza hadi vitatu. Alfajiri alikutwa anatapika, moyo ukimwenda mbio, maneno yake hayaeleweki. Hospitalini tuliulizwa: amekunywa nini? Hatukuwa na jibu.

Alipopata nafuu, alhamdulillahi, bibi mmoja mjuzi wa viungo aliunusa unga uliobaki, akaitambua harufu ya kungumanga. Kilichochanganywa humo zaidi ya hiyo, hata yeye hakukijua.

Kungumanga si ngeni majikoni mwetu. Chembe chache zilizokunwa juu ya maziwa hazimdhuru mtu mzima mwenye afya. Lakini vijiko viwili au vitatu ni sumu: huleta kichefuchefu, huyapandisha mapigo ya moyo, na humfanya mtu aone visivyokuwapo. Mjamzito asithubutu.

Hatuipingi miti-shamba. Habasoda imetajwa katika hadithi sahihi, na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 imeitambua tiba asili na kuunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye jukumu la kusajili waganga na dawa zao. Basi muuzaji na aulizwe: huu ni mti gani, kipimo chake ni kipi, usajili uko wapi? Mtume (SAW) amefundisha kwamba anayejitia kutibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara yake. Naye anayetumia dawa za presha, kisukari au kifafa amweleze tabibu wake kabla ya kuongeza mti wowote.

Tuangalie pia mazoea yetu. Saa tano baada ya kunywa kahawa ya barazani, takriban nusu ya nguvu yake huwa ingali mwilini. Mtume (SAW) alikirihi mazungumzo baada ya Isha yasiyo na haja. Nasi twakesha na simu.

Kamati imekwisha kukataza unga usio na jina kuuzwa msikitini. Kuhusu mzee wetu, tulitambua kwa kuchelewa kwamba tangu msiba ule alikuwa akila peke yake. Sasa majirani humwalika kwa zamu baada ya Magharibi. Zipo siku angali akiamka saa 8 usiku. Hutawadha, akaswali, kisha hujilaza tena.

Wabillahi tawfiq.