Ukakasi, Uchachu na Harufu: Namna ya Kuonja Mvinyo wa Mtindo wa Bordeaux

Mvinyo mwekundu wa mtindo wa Bordeaux ni ule unaotokana na zabibu za aina mbili au zaidi, ambazo kwa kawaida huvunwa na kuchachushwa kila aina peke yake, kisha mivinyo yake huchanganywa kwa vipimo ili upungufu wa aina moja uzibwe na nyingine. Jina limetokana na mji wa bandari ulio kusini-magharibi mwa Ufaransa, lakini mtindo wenyewe umeenea duniani, na leo chupa zake huuzwa Hilliard, kitongoji cha magharibi mwa Columbus katika jimbo la Ohio, kama zinavyouzwa Louisville kwenye ukingo wa mto Ohio na Buffalo kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie. Katika miji hiyo ya Marekani wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao baadhi yao hawanywi kileo kwa sababu ya dini na wengine hukutana na mvinyo huu kwa mara ya kwanza kwenye harusi au karamu ya kazini. Makala haya yanaeleza jinsi mvinyo huo unavyoundwa na unavyoonjwa, na yanaonyesha kwamba mwonjaji anayefikiri kwa Kiswahili ana msamiati wa kutosha, na mahali pengine msamiati uliokamilika kuliko anavyodhani.

Zabibu na hekima ya kuchanganya

Zabibu nyekundu zinazotegemewa zaidi Bordeaux ni Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, na pembeni yake hutumika Petit Verdot na Malbec kwa kiasi kidogo. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, na kwa kuwa rangi na ukakasi wa mvinyo hutoka katika ganda na mbegu, aina hiyo hutoa mvinyo mzito, mkavu na unaoweza kukaa miaka mingi. Merlot ni laini na yenye mnofu, na huiva mapema. Cabernet Franc huleta harufu nzuri na uchachu, ilhali Petit Verdot huongeza rangi na nguvu. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliothibitisha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani zabibu nyekundu maarufu kuliko zote ina mzazi mmoja mweupe.

Desturi ya kuchanganya ilizaliwa na hali ya hewa kabla haijawa suala la ladha. Bordeaux ipo karibu na bahari ya Atlantiki, na mvua za Septemba na Oktoba zinaweza kuharibu zabibu zinazochelewa kuiva, huku baridi ya masika ikiweza kuunguza machipukizi ya zile zinazowahi. Mkulima wa Dodoma anayepanda mtama au uwele pamoja na mahindi anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa mvua ikikatika mapema mahindi hukauka lakini mtama husimama. Udongo nao una sauti yake: upande wa kushoto wa mto Garonne na mlango wa Gironde, hasa Médoc, kuna changarawe inayopitisha maji upesi na kuhifadhi joto, kwa hiyo Cabernet Sauvignon hutawala, ilhali upande wa kulia wa Dordogne, huko Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi na chokaa hubaki na unyevu na ubaridi, kwa hiyo Merlot ndiyo hushika nafasi ya kwanza. Msomaji anayeambiwa kwamba chupa fulani ni ya upande wa kushoto au wa kulia ameshaambiwa, kwa kiasi kikubwa, ni zabibu ipi atakayokutana nayo.

Mizizi ya Kimarekani

Uhusiano wa Bordeaux na Marekani ni wa zamani, na sehemu yake imefichika ardhini. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika Kaskazini, aliingia Ulaya na kuangamiza mizabibu kwa kunyonya mizizi yake, na tiba iliyopatikana ilikuwa kubebesha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu pori ya Marekani, ambayo ilikuwa imekwisha kumzoea mdudu huyo. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Bordeaux husimama juu ya mizizi ya asili ya Kimarekani.

Ohio yenyewe ilikuwa na sifa yake. Nicholas Longworth wa Cincinnati alianza katika miaka ya 1820 kukuza zabibu za Catawba kando ya mto Ohio, na kufikia miaka ya kuzunguka 1860 jimbo hilo lilikuwa likiongoza Marekani kwa kutengeneza mvinyo, kabla ya magonjwa ya ukungu kuyamaliza mashamba hayo. Mizabibu ya Ulaya haikustawi kwa urahisi, kwa sababu baridi kali ya kipupwe huua vikonyo vyake. Msaada mkubwa ni ziwa Erie, ambalo huhifadhi joto la kiangazi hadi majani yanapopukutika, kisha hubaki baridi katika masika na kuchelewesha machipukizi mpaka hatari ya jalidi ipite. Ndiyo maana ukanda wa pwani ya ziwa hilo, unaopita Ohio, Pennsylvania na New York hadi karibu na Buffalo, ulitambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1983 kuwa eneo rasmi la mizabibu, na ndani yake Cabernet Franc, inayovumilia baridi kuliko Cabernet Sauvignon na kuiva mapema zaidi, imepata makao. Anayeonja mchanganyiko wa Ohio atarajie mvinyo mwepesi na mchachu zaidi kuliko wa California, kwa kuwa zabibu zilizoivia kwenye jua dogo hubaki na uchachu mwingi.

Kwenye chupa za Marekani msomaji anaweza kukuta neno Meritage, ambalo lilibuniwa mwaka 1988 kwa kuunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ubora na urithi. Sababu yake ilikuwa ya kisheria: chupa haiwezi kubeba jina la aina moja ya zabibu isipokuwa angalau asilimia 75 ya mvinyo ulio ndani ni wa aina hiyo, na jina la Bordeaux lenyewe ni mali ya Wafaransa. Watengenezaji waliopenda kuchanganya walikosa jina la heshima, wakajitengenezea, wakakubaliana kwamba katika mchanganyiko huo hakuna aina itakayozidi asilimia 90.

Jicho na pua

Kuonja huanza kabla ya kunywa. Mvinyo humiminwa kwenye bilauri yenye umbo la tulipu, isiyozidi theluthi moja, ukiwa na ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi, kwa kuwa ukiachwa katika sebule yenye joto kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Bilauri huinamishwa juu ya kitambaa cheupe, na rangi hutazamwa ukingoni, mahali mvinyo unapokuwa mwembamba. Mvinyo mchanga huwa na rangi ya zambarau. Kadiri miaka inavyopita hugeuka kuwa damu ya mzee, na mwishowe ukingo huwa kama tofali. Michirizi inayoteremka ndani ya bilauri, ambayo wengi huitafsiri kuwa alama ya ubora, husababishwa hasa na kileo kinachovukiza, na haisemi lolote kuhusu uzuri.

Jicho hata hivyo ni shahidi wa kuangaliwa. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux, ambao walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakauelezea kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Funzo lake ni kwamba mwonjaji anapaswa kuiuliza pua kana kwamba hajaona kitu.

Bilauri ikizungushwa taratibu, harufu hupanda kwa mafungu. La kwanza ni la tunda, ambalo vitabu vya Ulaya hulilinganisha na matunda madogo meusi yasiyozoeleka Afrika Mashariki. Mwonjaji wa pwani atapata msaada zaidi akikumbuka zambarau zilizoiva hadi kupasuka. La pili ni la majani, hasa harufu ya pilipili hoho mbichi inayotoka katika Cabernet isiyoiva vizuri, na ambayo kwa kiasi kidogo huupa mvinyo uchangamfu. La tatu ni la pipa. Mvinyo wa Bordeaux hukomazwa katika mapipa ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225, na mwaloni wa Kifaransa huleta viungo kama karafuu, ilhali mwaloni wa Kimarekani, ambao pia hutengenezewa mapipa ya wiski ya bourbon ya Kentucky, hutoa vanila na harufu ya nazi iliyo wazi kabisa kwa yeyote aliyekulia jikoni mwa pwani. Panapotokea uvundo, kama wa boksi lililolowa na kusahauliwa sandukuni, kizibo kimeuharibu mvinyo na chupa hairekebishiki.

Kinywa

Funda dogo huzungushwa kinywani kwa sekunde chache ili liguse ulimi wote na fizi, na wataalamu hulitema, kwa sababu aliyelewa haonji tena. Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwonjaji, kwa kuwa kinatenganisha mambo ambayo wageni wa mvinyo huyachanganya. Uchachu ni ule unaojaza mate mdomoni, kama wa ukwaju. Uchungu ni ladha ya mwarobaini na shubiri, inayoonjwa na ulimi. Ukakasi si ladha. Ni mguso, ule mkwaruzo unaokausha mdomo mtu anapouma bibo au ndizi ambayo haijaiva. Husababishwa na tanini, kemikali za ganda, mbegu na mbao zinazoshikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi, na ndio uti wa mgongo wa mvinyo wa Bordeaux.

Ubora wa ukakasi hupimwa kwa umbo lake kuliko wingi wake, kwa kuwa upo unaokwaruza kama jani la msasa na upo unaoteleza kama kitambaa cha melimeli huku ukiwa na nguvu ileile. Baada ya hapo mwonjaji hujiuliza kama tunda, uchachu, ukakasi na kileo vimekaa pamoja, kama pilau ambayo mlaji anajua ina bizari nzima, iliki na mdalasini lakini hakuna kiungo kimoja kinachopiga kelele. Mwisho huhesabu ladha inadumu muda gani baada ya kumeza au kutema, kwani mvinyo mzuri huondoka polepole.

Elimu hii haimhitaji mtu kunywa kileo. Chai ya rangi iliyochemka sana, isiyo na sukari, ina ukakasi wa jamii ileile. Ikitiwa maziwa mkwaruzo hupungua papo hapo, kwa kuwa tanini huzishika protini za maziwa badala ya zile za mate. Kwa njia iyo hiyo, nyama ya mbuzi yenye mafuta huulainisha mvinyo mchanga uliokuwa mkali ulipoonjwa peke yake. Mama aliyemwongezea mtoto maziwa kikombeni baada ya kumwona akikunja uso alikuwa akifanya kazi ya mchanganyaji wa Bordeaux, naye alikuwa na neno sahihi la kile alichokuwa akikiondoa.