Felicitas wa Gisenyi

Sisi Watanzania tukitaja mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, mawazo yetu hukimbilia Daraja la Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao robo milioni walivuka hapo kuingia Ngara, na jina la Benaco likawa halikosi katika taarifa ya habari. Juma moja tu kabla ya hapo, upande wa pili wa nchi ile, mama mmoja aliuawa baada ya kuwavusha watu katika mpaka mwingine. Huyo hatumtaji, na juma hili napenda tumzungumzie.

Jina lake Felicitas Niyitegeka, mzaliwa wa mwaka 1934. Watu walimwita sista, ingawa hakuwa mtawa wa kuvaa shela. Alikuwa mlei aliyejitoa kulitumikia Kanisa Katoliki bila kuolewa, na kazi yake ilikuwa katika Kituo cha Mtakatifu Petro, mjini Gisenyi. Kwa kitambulisho alikuwa Mhutu, tena ndugu yake kanali katika jeshi la serikali. Kwa hesabu ya siku zile, hakuwa na cha kuogopa.

Kitambulisho chenyewe kinahitaji maelezo. Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kila Mnyarwanda aliandikwa kabila katika karatasi yake. Mauaji yalipoanza tarehe 7 Aprili, wanamgambo wa Interahamwe waliweka vizuizi barabarani, na neno moja katika karatasi ile likawa ndilo la kufa au kupona.

Hapa Msalato, ukitaka kufika Dodoma mjini una safari ya kilometa 10 hivi. Kutoka Gisenyi kwenda Goma, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, hakuna hata safari. Miji hiyo miwili imegusana. Lakini kwa Mtutsi, hatua hizo chache zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Arusha nzima. Felicitas aliwapokea waliomkimbilia, akawaficha, akawalisha, kisha akawavusha kwa siri. Kundi likivuka, jingine linaingia.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea siku zote. Kanali akampelekea dada yake ujumbe aondoke ajiokoe. Felicitas akamjibu kwa barua kwamba ana watu 43 mikononi mwake, na ni heri afe pamoja nao kuliko kujiokoa peke yake. Akamwomba pia awaombee wafike kwa Mungu.

Tarehe 21 Aprili wanamgambo walikuja wakawachukua hadi makaburini, mahali palipoitwa Commune Rouge. Kumgusa yeye walisita, maana walimjua ni dada wa nani. Wakawaua wenzake kwanza, yeye wakamwacha awe wa mwisho. Hata hapo walikuwa tayari kumwachia. Akakataa, akisema hana sababu ya kuishi baada ya wenzake kuuawa. Wakampiga risasi.

Nilipomsimulia kijana mmoja hapa Msalato habari hizi, aliniuliza: mzee, si angeondoka tu, akawasaidie wengine kutokea Goma? Hilo si swali la kipuuzi. Mtu aliye hai huvusha wengi kuliko maiti. Lakini tufikirie wale 43. Walikuwa ndani ya nyumba ile kwa kumwamini yeye, na naamini jina la kanali ndilo lililowafanya wauaji wasite siku kadhaa. Angetoka, wangebaki na nini? Isitoshe, kazi yote ya wauaji ilikuwa kuwatenganisha watu kwa karatasi: huyu pite, huyu abaki. Kukubali kupita kwa kitambulisho chake kungekuwa kuwafanyia kazi hiyo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, naye hakuridhika sana.

Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, ambao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Yumo humo pamoja na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa siku ile ya kwanza, na wanafunzi wa sekondari ya Nyange, ambao Machi 1997 waliamriwa na watu wenye bunduki wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa kusogea.