Mwendo wa Maji na Uhamaji wa Madini Ardhini: Kutoka Miteremko ya Mumirwa hadi Uwanda wa Imbo

Kigobe, mtaa wa Bujumbura wenye jumba la Bunge la Taifa, upo karibu na mahali ambapo miteremko ya Mumirwa inakutana na uwanda wa Imbo. Maji yanayopita ardhini katika eneo hili hubeba madini yaliyoyeyuka, na mwelekeo wa mwendo wake huchangia kuamua iwapo udongo utakuwa na asidi au chumvi. Makala hii inaeleza michakato hiyo miwili na maana yake kwa sera ya kilimo.

Mchakato wa kwanza ni wa kushuka. Maji ya mvua huchukua kaboni dioksidi hewani, na zaidi udongoni ambako mizizi na vijidudu hupumua, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo humomonyoa miamba taratibu na kutoa kalisiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Milimani, ambako mvua ni nyingi, maji huyaosha madini hayo kuelekea chini. Kinachobaki ni oksidi za chuma na alumini. Udongo ukizidi kuwa na asidi, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Ndiyo sababu mbolea pekee haitoshi huko, chokaa huhitajika.

Mchakato wa pili ni wa kupanda. Imbo hupata mvua isiyofikia milimita 1,000 kwa mwaka, na jua lake ni kali. Maji yaliyo karibu na uso wa ardhi hupanda katika vinyweleo vya udongo kama mafuta ya taa katika utambi. Yakifika juu, hugeuka mvuke, chumvi hubaki. Sehemu za uwanda wa Rusizi zina udongo wa chumvi wa namna hiyo.

Mto Rusizi wenyewe hubeba madini kutoka Ziwa Kivu, linalolishwa pia na chemchemi za chini ya ziwa zilizopita katika miamba ya volkano. Mto huo ndio chanzo kikuu cha chumvi zilizoyeyuka katika Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo, kumwagilia uwandani bila mifereji ya kutolea maji ni kuongeza chumvi: kina cha maji ya ardhini hupanda, na mvuke huacha mzigo wake. Gharama ya mifereji hiyo, pamoja na upimaji wa chumvi kila msimu, yafaa iingizwe katika bajeti ya mradi tangu mwanzo, kwa kuwa kuurudishia udongo rutuba ni ghali kuliko kuilinda.