Matayarisho ya Timu ya Mpira
Ruangwa, jirani ya Nachingwea, ni mji mdogo. Lakini mwaka wa 2019 timu yake, Namungo, ilipanda Ligi Kuu. Msimu ule timu zilikuwa 20, na kila moja ilipaswa kucheza mara 38. Basi, pumzi za kazi kubwa namna hii hazipatikani siku ya mchezo. Majuma kadhaa kabla yake wachezaji hukimbia mbio ndefu, ili moyo na mapafu vizoee. Kisha mbio fupi za kasi, maana ndizo za uwanjani. Kupumzika nako ni kazi, ingawa vijana wengi hawasadiki: misuli hupata nguvu mtu alalapo. Mwaka wa 2020 Namungo walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2 kwa 1.