Mwanza hadi Dar es Salaam: Masurufu ya Safari ya Mjumbe

Kwa ndege, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni yapata kilomita 850, na muda wa kuruka ni saa moja na nusu hivi. Barabara ipitayo Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro huzidi kilomita 1,100. Basi lisiloruhusiwa kupita kilomita 80 kwa saa huhitaji saa 14 hata lisiposimama popote, na njiani kuna mizani na vituo vya abiria.

Hata hivyo, katibu asiandike saa moja na nusu katika makisio. Mjumbe hutakiwa kiwanjani mapema, na viwanja vyote viwili viko mbali na katikati ya mji. Tangu atoke nyumbani hadi aingie ukumbini, saa tano au sita zimekwisha.

Kamati nyingi hulinganisha nauli peke yake, na hilo ndilo kosa. Aendaye kwa basi hulipwa posho ya siku za njiani, kwenda na kurudi, pamoja na malazi. Tiketi ya ndege nayo, ambayo aghalabu hupanda bei siku zikikaribia, hufaa inunuliwapo mapema. Basi tarehe ya mkutano ijulikanapo, masurufu yatolewe wiki hiyo hiyo, yasingoje kikao kijacho.