Grisi ya Goti Haijaisha

Wiki jana nimeulizwa mara sita. Dereva wa lori, mwalimu mstaafu wa Bahati, muuza viazi wa Molo na wengine wasiojuana, wote kwa maneno yale yale: "Daktari, grisi ya goti imeisha. Nile nini irudi?" Wa sita alikuwa na jibu lake tayari. Alitoa kwenye mkoba chupa ya maji ya bamia zilizokatwakatwa na kulazwa usiku kucha, akataka tu kujua ni glasi ngapi kwa siku.

Hata moja. Naandika haya ili wiki ijayo niulizwe kitu kingine.

Swali lenyewe najua linakotoka. Nakuru ni mji wa magari. Barabara ya kwenda Malaba imetupitia, na ni nadra kupata ukoo usio na dereva, utingo au fundi. Sote tumemwona fundi akijilaza chini ya lori, anapachika bomba la grisi kwenye kiungo cha propela, anapampu mpaka grisi kuukuu, nyeusi tititi, inatoka pembeni na mpya inaifuata. Kelele zinakoma, lori linaondoka kuelekea Salgaa. Basi goti likianza kulia kwenye ngazi, mgonjwa ameshajipima mwenyewe kabla hajafika kwangu.

Alikuja mama mmoja wa Njoro, ameletwa na mwanawe ambaye ni fundi wa magari. Goti la kulia lilikuwa limefura hata mashimo ya pembeni hayaonekani. Niliibonyeza pia ya goti: ikazama, ikagonga mfupa, ikaelea tena. Hilo peke yake lilinitosha, lakini kijana alikuwa nyuma yangu na habari za grisi, kwa hiyo nikasafisha ngozi, nikatia ganzi, nikaingiza sindano. Nilivuta mililita 40 za majimaji ya rangi ya manjano. Nikayainua dirishani wayaone, kisha nikadondosha tone. Ute wa goti zima huvutika kama ute wa yai kabla ya kukatika. Huu ulidondoka kama maji ya bomba.

"Mama, goti lenye afya lina ute usiojaa kijiko cha chai. Kwako nimetoa vijiko vinane."

"Kumbe imezidi?"

"Imezidi, tena imezimuliwa."

Kijana aliomba aishike ile sindano, akaigeuza geuza kwenye mwanga, asiseme neno.

Ute wa goti hautiwi kutoka nje, na hauvuji. Unatengenezwa na utando mwembamba uliotandazwa ndani ya mfuko wa kiungo, siku zote, hata ukiwa umelala. Kinacholika ni gegedu, ule utelezi mweupe unaong'aa kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Likishachakaa, vipande vyake huuchokoza ule utando, nao hujibu kwa kumwaga majimaji mengi kuliko kawaida. Kwa hiyo mtu anayesema grisi imeisha mara nyingi ana goti lililojaa.

Na siwalaumu wagonjwa peke yao. Mtu anapigwa picha ya eksirei, anaambiwa nafasi kati ya mifupa imepungua, na mhudumu mwenye haraka anamalizia: "mafuta yamekwisha." Eksirei haionyeshi ute. Haionyeshi hata gegedu lenyewe. Inaonyesha mifupa, na ule weusi ulio katikati ndipo gegedu lilipo. Ukipungua, gegedu limekuwa jembamba. Wenzangu wanaosema mafuta kwa sababu ni rahisi kueleza wamewauzia watu bamia nyingi kuliko soko lolote la mjini.

Tuje kwenye hiyo bamia. Utelezi wake ni aina ya sukari ndefu ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzikatakata. Zinateremka mpaka utumbo mpana, vijidudu wa huko wanazila, na zilizobaki unazijua zinakokwenda. Hakuna mfereji kutoka utumboni kwenda gotini. Kama kila chenye kuteleza kingefika kwenye viungo, walaji wa mlenda wasingejua maumivu ya magoti, na wanajua. Pika bamia na nyanya, ule na ugali, ufurahi. Usiilaze kwenye chupa.

Supu ya mifupa nayo. Ile gundi inayoganda sufuria ikipoa ni protini, na protini ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama ya maharagwe. Mwili ndio huamua vipande viende wapi, hauulizi vilitoka kwenye goti la nani. Mwenye jongo ajihadhari zaidi, maana supu nzito ya nyama ina vitu vinavyozaa asidi inayomwamsha usiku akishika kidole gumba cha mguu. Mifupa ya ng'ombe niliyoiona ikifaa viungo vya watu wa hapa ni ile iliyochomwa ikawa mkaa na kutiwa kwenye chujio la maji, kama machujio yaliyotengenezwa na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Bonde letu lina floraidi nyingi. Ziwa Nakuru limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasipite 1.5. Ziwa halinywewi, sawa, lakini vipo visima vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa, na floraidi ya miaka mingi haiishii kuyatia meno rangi ya kahawia: hukakamaza mifupa na viungo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Vidonge vya glukosamini? Mwaka 2006 vilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, na kwa jumla havikuishinda dawa bandia. Havina madhara makubwa ila kwa mfuko. Ninachokiogopa ni ule unga usio na jina, unaouzwa kwenye stendi, ambao kweli unaponya kwa siku mbili. Mmea hauponyi goti kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, kumbe ndani mna deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa. Deksamethasoni ya kila siku huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla unaweza kuzimia. Kama unautumia unga wa namna hiyo, usiukatize peke yako. Njoo nao.

Fundi anakosea kwenye grisi, lakini yapo anayoyapatia. Kabla ya kuagiza kipuri huinua gurudumu kwa jeki, analishika juu na chini, analitikisa, anasikiliza kama lina uchezaji. Anaangalia kama tairi limelika upande mmoja. Anauliza lori lilibeba nini. Mimi nafanya hayo hayo: nalikunja goti, nalivuta mbele na pembeni nione kama kano zimelegea, nautazama mguu kama una matege, nakutembeza. Na nakuuliza uzito, jambo ambalo hukuja kulizungumza.

Tunapoachana ni hapa: kipuri cha chuma kila mzunguko unakipunguza, ila gegedu halina mishipa ya damu, na chakula chake hulifikia kwa kubanwa na kuachiliwa kama sponji. Goti lisilotembea linakaa njaa. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya tafiti nyingi walikuta ugonjwa wa kulika nyonga na magoti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano. Haithibitishi kwamba mbio ni kinga, maana mwenye goti bovu huacha kukimbia mapema. Lakini inatosha kumwinua yule mwalimu wangu mstaafu kwenye kochi, aliyeshauriwa na majirani "apumzishe goti" na sasa hata ngazi tatu za kanisa zinamshinda. Na asinitajie baridi. Jina baridi yabisi limewapotosha wengi: baridi ya Molo huongeza uchungu kwa baadhi ya watu, haili gegedu.

Ya kufanya, haraka. Punguza uzito: kila kilo moja ni kilo nne zinazoondoka gotini kwa kila hatua. Keti kwenye kiti, inuka bila kushika, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Misuli ya paja ndiyo shokomzoba zako. Tembea kila siku. Bakora ishike mkono wa upande usiouma. Gunia la viazi lisibebwe mgongoni. Paka jeli ya diklofenaki kabla ya kukimbilia vidonge, na vidonge usivimeze ovyo kama una presha, figo au vidonda vya tumbo. Sindano ya steroidi hutuliza wiki chache. Ya kila miezi mitatu, kwa utafiti wa 2017, ilipunguza gegedu zaidi bila kupunguza maumivu. Ile sindano ya "kujaza grisi" ipo, ni ghali, na chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani hakiipendekezi kama tiba ya kawaida. Goti bandia ni la mwisho, na wakati wake ukifika ni tiba nzuri. Goti jekundu, la moto, na homa: hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vinavyokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi ni ugonjwa mwingine. Viungo vinavyouma na jasho la usiku kwa mnywa maziwa mabichi, tutafute brusela.

Na ukitumwa eksirei ya goti, waambie unataka kupigwa umesimama. Ukilala, mzigo unatoka, mifupa inaachana, na goti lililolika linaonekana zima. Wiki hii nimerudisha picha tatu.